Mheshimiwa Maelewano na Barabara ya Njia Sita

Shemeji yangu hakuwahi kununua kitu kwa bei aliyotajiwa, wala kutaja bei aliyotarajia kulipwa. Ukitaka kumjua, anzia hapo. Mengine yote, hata ubunge, hata ile barabara iliyoutoa jasho mtaa mzima, yalitokana na tabia hiyo moja. Mama yake mzazi alinisimulia kwamba akiwa mtoto, akiambiwa akaoge, alijibu, "Ninawe miguu tu." Mama akisema mwili mzima, yeye anapanda mpaka magotini, kisha kiunoni, mwisho wanapatana shingoni na kichwa kinabaki na vumbi lake. "Nilikuwa nachoka mimi," mama yake alisema. "Yeye hachoki."

Alianza biashara kwa kutembeza mabeseni kichwani, nyumba hadi nyumba. Alipopata chumba cha mbele katika mtaa wetu akafungua duka la vyombo vya plastiki: ndoo, mabeseni, majagi, madumu, viti, vikapu vya nguo chafu. Ndoo zilining'inia darini kwa kamba, hata mteja mrefu alinunua akiwa ameinama. Juu ya mlango alitundika bango la BEI MAELEWANO, na ndani, nyuma ya kaunta, la MALI IKIUZWA HAIRUDI. Watu wakamwita Maelewano. Jina lake la kuzaliwa likasahaulika. Nadhani hata yeye angeitwa kwa jina hilo angegeuka nyuma aone anaitwa nani.

Falsafa yake ilikuwa fupi. "Mteja akikubali bei ya kwanza," alikuwa akisema, "ujue umejipunja. Hutapata usingizi." Na kweli hakuupata. Siku mgeni mmoja alipolipia madumu bila kubishana, Shemeji alishinda na homa.

Dada yangu aliingia katika duka hilo kununua beseni la kufulia. Nilikuwa naye. Nilisimama mpaka miguu ikafa ganzi, nikaketi kwenye kiti cha kuuzwa. Shemeji, ambaye wakati huo hakuwa shemeji wa mtu, alitaja bei, Dada akacheka. Dada akataja yake. Yeye akashika kifua. Wakapandishana, wakashushana, akaapa kwamba hiyo ndiyo ya mwisho, na hapo Dada akaondoka. Kila mnunuzi huondoka, ndio mchezo wenyewe: unatoka polepole, muuzaji anakuita, unarudi. Maelewano akaita, "Njoo basi, dada, tusikosane!" Dada hakugeuka. Akaita tena. Dada akakata kona. Jamaa akatoka mbio na beseni lake mkononi, akatufuata mpaka nyumbani, akaliacha kwa bei ya Dada. Kesho yake akarudi kuuliza kama linavuja.

Beseni jipya kutoka dukani linavujaje? Nyumba nzima ilielewa isipokuwa yeye. Alikuja kuulizia beseni hilo kila Jumapili mpaka Dada akachoka, akamwambia, "Wewe kaka, sema unachotaka." Wakaoana.

Basi lile duka likawa la Dada. Nasema hivyo makusudi. Shemeji alileta mali, lakini ni Dada aliyezisukuma kuta nyuma ikapatikana stoo, kisha vyumba viwili vya kuishi, kisha jiko. Watoto wao wote wawili walilala ndani ya vikapu vya nguo, wakajifunza kutembea kwa kushikilia ndoo. Dada alijua kila msumari uliko, na akisikia kitu kimeanguka alikuwa anajua ni jagi au ni birika bila kuinua kichwa. Kama ungemkata mkono nadhani angelalamika kidogo kuliko kumgusia duka. Mimi nilikuwa na saluni yangu ng'ambo ya mtaa, dirisha langu likitazamana na kaunta yake, na tulisemeshana siku nzima kwa kupiga kelele juu ya vichwa vya wapita njia.

Adui yetu alikuwa mtaa wenyewe. Kiangazi, vumbi. Dada alikuwa akimaliza kufuta ndoo ya mwisho, ya kwanza imeshakuwa nyekundu. Masika, tope: wateja waliacha kandambili zao katikati ya njia, wakaja kuzitoa jua likirudi. Nywele nilizozisuka mimi zilifika nyumbani kwa mwenyewe zimebadilika rangi. Tulikuwa tukiomba lami kama watu wengine wanavyoomba watoto.

Sasa sikiliza jinsi mtu anavyokuwa mbunge. Uchaguzi ulipokaribia, watu wa chama walikuja dukani kuazima viti vya mkutano. Walikuwa na hali mbaya, kwa sababu asubuhi ileile mgombea wao alikuwa amehamia chama kingine pamoja na spika za muziki. Shemeji akawauliza, "Mnanipa nini?"

"Unataka nini?" akauliza mwenyekiti wao.

Alichotaka ni nafasi kwenye kamati ya soko, ile inayoamua nani apange mali wapi. Hakutaka zaidi ya hapo. Lakini mfanyabiashara haanzii pale anapotaka kuishia. Akashusha kiti kimoja kutoka juu, akakipangusa, akasema, "Nipeni ubunge."

Wale watu wakatazamana. Mwenyekiti akasema, "Sawa."

Shemeji akabaki na kitambaa mkononi. "Hamtaki kupunguza?"

"Hapana. Chukua. Viti viko wapi?"

Alivuka akaja saluni, ambako Dada alikuwa ameketi kichwa kikiwa ndani ya mashine ya kukaushia. Alikuwa amekwajuka. "Mke wangu," akasema, "wamekubali bei ya kwanza."

Dada akatoa kichwa. "Basi huo ubunge una kasoro."

Kasoro au la, alishinda. Mpinzani wake hakuwa na ubaya, ila kila mkutano aliofanya watu waliukalia kwenye viti vya Maelewano, maana mjini hapakuwa na vingine. Ahadi yake ilikuwa moja tu, lami ya mtaa wetu, na hata hiyo aliitoa kwa namna yake. "Mnataka nini?" "Lami!" "Mpaka wapi?" "Mpaka mtoni!" "Mpaka sokoni." "Mpaka mtoni!" "Mpaka kwa fundi baiskeli, tusikosane." Umati ukaondoka ukiamini umempiga bei.

Dada alibaki dukani. Watu wenye shida zao wakawa wanamwendea yeye, kwa sababu mheshimiwa yuko mji mkuu na duka liko palepale. Aliyekuja kulalamika kwamba zahanati haina dawa aliondoka na jagi. Aliyekuja kuomba shule iezekwe upya aliondoka na ndoo mbili, za kukingia maji, na kusema kweli zilimsaidia zaidi. Dada hakuwadanganya. Aliwaambia, "Nitamfikishia. Wewe unaondoka mikono mitupu hivihivi?"

Hotuba yake ya kwanza tuliitazama kwenye televisheni ya saluni, wanawake wakiwa na rola kichwani na watoto mapajani. Spika wa Bunge alikuwa mzee mwenye sauti nzito na miwani iliyokaa ncha ya pua. Akamwita, akamwambia ana dakika tatu.

"Mheshimiwa Spika, fanya tano," akasema Shemeji.

"Dakika tatu, Mheshimiwa."

"Nne basi, Mheshimiwa Spika. Mimi mgeni wako."

"Kanuni zinasema tatu."

"Tatu na nusu, na sitagonga meza."

Spika akavua miwani. "Nne," akasema, "na ukae." Mpaka leo sidhani kama anajua alifikaje pale. Bunge zima likalipuka kwa makofi, saluni nayo ikalipuka, na mteja wangu mmoja akaungua sikio kwa sababu nilisahau nimeshika pasi ya nywele. Shemeji alitumia dakika zote nne kuwashukuru waliomshangilia. Alipokaa alikipapasa kiti chake chini, akakitikisa mguu, akamwambia jirani yake, na kipaza sauti kikasikia, "Hiki wamewapiga. Kwangu mngepata cha maana."

Ikaja hoja ya lami. Alikuwa nyumbani jioni moja kabla ya kwenda kuiwasilisha, tunakula, akatueleza mpango. "Naomba njia sita," akasema. "Bustani katikati. Taa pande zote mbili. Na daraja la kupita juu kwa waenda kwa miguu."

"Mtaa huu?" nikamuuliza. "Shemeji, huu mtaa mikokoteni miwili haipishani."

"Shemeji, wewe suka nywele. Nikisema sita, Waziri atasema moja. Nitashika kifua. Atasema mbili. Nitaanza kukusanya karatasi zangu kama ninayetoka. Atasema mbili na mitaro. Nitakubali shingo upande. Mbili na mitaro ndiyo ninayoitaka."

Dada akatafuna, akameza. "Na akikubali?"

"Akubali nini?"

"Hizo sita."

Shemeji akacheka mpaka akapaliwa. "Mama watoto, nani atakubali upumbavu kama huo?"

Tulikuja kujua baadaye kwamba Wizara ilikuwa na fungu ambalo lisipotumika kabla ya mwaka wa serikali kuisha linarudi Hazina, na hakuna waziri anayependa kurudisha fungu. Barabara ndogo zisingelimaliza. Walikuwa wanatafuta kitu kikubwa, popote, na siku zilikuwa zimewaishia. Shemeji akasimama akamwaga maneno yake, njia sita, bustani, taa, daraja. Akamaliza, akashika kifua kabisa, tayari kwa maumivu. Waziri akainuka akasema, "Mheshimiwa Spika, Serikali imeikubali hoja kama ilivyo."

"Wanaoafiki waseme ndiyo," akasema Spika. Ilikuwa saa ya chakula cha mchana. Wakasema ndiyo kwa kishindo.

Kwenye televisheni tulimwona Shemeji amebaki amesimama, mkono ungali kifuani, kama mtu aliyesukuma kwa bega mlango ambao kumbe ulikuwa wazi. Akasema kwa sauti ndogo, "Hamtaki kupunguza?" Waheshimiwa wakacheka, wakagonga meza, wakaona ana utani.

Sisi tulicheza. Nilicheza mimi, chanuo mkononi, nikatoka mpaka barazani. Mtaa mzima ulicheza vumbini. Ni Dada peke yake aliyesimama mlangoni pa duka lake akiutazama mtaa, huku na huku, akiupima kwa macho kama anavyopima rafu.

Dada hakukosea. Wapimaji walipokuja na vigingi vyao na kamba zao, kila walipotandaza kamba ilifika ndani ya duka. Njia sita na bustani yake hazikuingia kwenye mtaa wetu hata kwa kusukumwa. Upande wangu nyumba zilikuwa zimebanana: fundi viatu, mkunga, mama wa mikate, saluni yangu, kisha nyumba za wapangaji mpaka kona. Upande wa Dada kulikuwa na duka na vyumba vyake, na nyuma yake uwanja mtupu wa kiwanda cha matofali kilichokufa. Mchoro wa kwanza ukapita hukohuko. Kaunta ikawa njia ya pili, kitanda cha Dada kikawa bustani.

Dada hakulia. Alifunga duka mapema, akamwambia mumewe, "Umeinunua mwenyewe hiyo barabara. Nenda kaipunguze."

Akaenda. Tukakusanyika tena mbele ya televisheni, safari hii bila rola wala kelele. Shemeji akasimama, akaomba kwa unyenyekevu mkubwa kwamba barabara ya mtaa wake ishushwe kutoka njia sita mpaka nne. Spika akasema haiwezekani. Mpaka tatu na bustani ndogo. Haiwezekani. "Hata daraja tu liondoke, Mheshimiwa Spika, nimelitaja kwa bahati mbaya."

Spika akavua miwani kama ile siku ya kwanza, na naapa alikuwa anamhurumia. "Mheshimiwa," akasema, "jambo likishaamuliwa na Bunge hili halirudi mezani katika mkutano huuhuu. Nimeambiwa hata dukani kwako kuna bango linalosema hivyo."

Hakuna aliyecheka, si kule wala huku. Dada alikuwa ameketi kwenye kiti changu cha kuoshea nywele. Akainuka, akavuka njia, akaenda akalitazama lile bango la MALI IKIUZWA HAIRUDI, akalishusha, akaliweka kifudifudi.

Likabaki tumaini moja, naye alikuwa mhandisi wa barabara. Ilitangazwa kwamba atakuja mwenyewe kuzungumza na mwenye nyumba kabla ya kupiga alama ya mwisho. Dada akajiandaa. Sijawahi kumwona mtu anajiandaa vile. Alikuwa anasukwa nywele kwangu huku anapanga: ataanza kwa kukataa kabisa, kisha atalia kidogo, kisha atataja watoto, kisha atatoka mlangoni na hatageuka. "Atanifuata," akasema. "Wote hufuata." Nami niliamini. Mwanamke aliyefuatwa na beseni mpaka nyumbani hashindwi na mhandisi.

Asubuhi ya siku hiyo nikamwona Dada anapanda gari na gunia tupu. Nikapiga kelele dirishani, "Unakwenda wapi leo?"

"Kiwandani! Baba watoto anasema vifuniko vya majagi vimeletwa na vinaisha. Mhandisi anakuja mchana!"

Mhandisi alikuja hata chai ya saa nne haijanywewa. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye kofia ngumu ya njano na penseli sikioni. Akaingia dukani. Niliwaona kupitia kioo changu wakiwa wameketi kwenye viti vya kuuzwa, mhandisi akionyesha mchoro kwa penseli, upande huu, kisha upande ule. Nikangoja Shemeji ashike kifua. Nikangoja akusanye karatasi. Alikuwa na mikono juu ya magoti. Alitazama nje mara moja, nikadhani ananiangalia mimi, nikamwinulia ngumi ya kumtia moyo. Kisha akatikisa kichwa kukubali. Mara moja tu! Mhandisi akainuka, akampa mkono, akatoka, na msaidizi wake akapiga alama ya X nyekundu kwenye ukuta wa duka.

Nilivuka nikiwa na aproni. "Umesema nini?"

"Nimesema sawa."

"Sawa tu?"

"Sawa tu, shemeji."

Nilimtukana. Sitayarudia niliyomwambia, lakini yalisikika mpaka kona. Mtu ambaye hubishania kiberiti! Mtu ambaye alimpiga bei mama yake mzazi juu ya kunawa! Siku moja tu ambayo mdomo wake ungefaa kitu, akaufunga. Alianza kushusha ndoo darini moja moja na kuzipanga.

Dada alirudi na gunia la vifuniko begani, akaiona ile X. Aliliweka gunia chini taratibu. Hakumtukana, na ningependa angemtukana. Kuanzia siku hiyo hakumsemesha. Walihamia vyumba vya nyuma ya saluni yangu, kwa sababu fidia ilikuwa, na mpaka sasa iko, kwenye mchakato, na mimi nikawa mkalimani wa watu wanaolala kitanda kimoja. "Mwambie mheshimiwa chakula kiko tayari." Mheshimiwa ameketi mbele yake, sahani tayari mkononi. "Mwambie nimesikia," naye anasema. Tingatinga lilipokuja, Dada alisimama kwenye dirisha langu akaangalia mpaka ukuta wa mwisho. Ulipoanguka ule wa stoo, aliousukuma mwenyewe, alisema tu, "Hapo kulikuwa na msumari wa kufuli."

Barabara ikajengwa. Njia sita, bustani, taa, daraja, na kwa sababu hoja ilitaja mtaa wetu tu, inaanza kwa fundi baiskeli na kuishia mtoni, ambako hakuna daraja. Magari yanayopita ni la mikate, la maji, na la mtu aliyepotea. Kuku wanalala njia ya nne, ambayo hupata jua zuri. Watu wanaanika nguo kwenye bustani. Daraja la juu hupandwa na wachumba tu. Wazee wakitaka kuvuka huja na kiti cha plastiki, wanafika katikati, wanaketi, wanapumzika, wanaendelea.

Uchaguzi ulipofika, Shemeji aliangushwa vibaya. Mpinzani wake aliahidi kuipunguza barabara. Na watu walisema waziwazi, mbunge aliyeshindwa kulinda hata duka la mkewe atatulinda sisi? Nami nilisema hivyo. Nilisema sana.

Dada naye, asubuhi moja, aliviringisha mkokoteni wake mpaka njia ya pili, akahesabu hatua kutoka kwenye nguzo ya taa, akapanga ndoo zake juu ya lami, mahali palepale palipokuwa na kaunta. Bango la BEI MAELEWANO akalifunga kwenye nguzo. Gari la mikate lilipiga honi, Dada akalitazama, likazunguka. Tangu siku hiyo yote huzunguka. Shemeji akaenda akaketi nyuma yake kwenye kiti, akipangusa majagi, na Dada hakumfukuza. Hakumsemesha pia.

Hivyo ndivyo walivyokuwa mchana ule nilipovuka na chai yao. Unapovuka njia sita na chai unavuka polepole. Nikafika nyuma ya rundo la mabeseni, hawajaniona, na mteja mmoja alikuwa ndiyo kwanza anaondoka. Kijana wa mjini. Alikuwa ameuliza bei ya kikapu, akalipa, akaenda zake.

"Hakubishana hata kidogo," Dada akasema, na kwa hasira akasahau kupitia kwangu, akageuka akamwambia mumewe usoni. "Kama wewe na mhandisi wako."

Shemeji akaweka jagi chini. "Hujawahi kuniuliza alisema nini."

"Nikuulize nini? Ulisema sawa. Nyumba nzima imekwenda kwa sawa."

"Alinipigia simu usiku wa kuamkia siku ile, akasema upana ni sheria, haugusiki hata kidogo. Lakini mstari, akasema, mstari ni penseli. 'Mheshimiwa, ukitaka nausogeza upande wa pili. Duka linabaki.'"

Dada akatazama ng'ambo. Kutoka pale alipoketi unaona upande wa pili wote, fundi viatu, mkunga, mama wa mikate, na kioo cha saluni yangu chenye picha ya mwanamke aliyesukwa.

"Ningekuwepo mimi..." akaanza.

"Ungekuwepo ungebishana," Shemeji akasema. "Na ungeshinda. Tangu lile beseni sijakuona umeshindwa. Ndiyo maana nikakutuma vifuniko, nikamwomba yeye awahi."

"Kwa hiyo bei ya kwanza ilikuwa duka langu."

"Ndiyo."

"Na ya pili ilikuwa mdogo wangu."

"Ndiyo, mama watoto."

"Si ungeniambia!"

"Ningekuambia ungelazimika kuchagua."

Gari la maji likaja, likawazunguka, likaenda. Dada alivuta beseni moja karibu, akaanza kulifuta vumbi, na barabara hii haina vumbi. "Vile vifuniko," akasema mwishowe, "havikuingia hata jagi moja."

"Najua. Niliokota tu cha kusema."

Dada akacheka. Alicheka huku anafuta uso kwa kitambaa cha mabeseni, na mimi huku nyuma nilikuwa nalia, chai inamwagika kwenye sahani. Nilikumbuka ile ngumi niliyomwinulia dirishani. Alikuwa ananitazama mimi kweli. Nilimpenda yule mwanamume kuliko ninavyoweza kusema, na nisingeweza kumwambia, maana si watu wa kuambiana hivyo sisi.

Nikajitokeza, nikaweka chai chini. "Nataka ndoo," nikasema. "Ile ya bluu."

Dada akataja bei. Ilikuwa bei yake ya kawaida ya kuanzia, bei ya wazimu, unayoweza kununulia ndoo tatu na kurudi nyumbani kwa gari.

"Sawa," nikasema, nikatoa pochi.

Akanitazama. "Unaumwa?"

"Siumwi."

"Sasa wewe, hiyo si bei ya kulipa. Nimeitaja tu. Bisha kidogo, mdogo wangu, watu wanatuona."

Shemeji alikuwa ameinamisha kichwa, anapanga upya mabeseni yaliyokwisha kupangwa.

"Sibishi," nikasema. "Nimekubali bei ya kwanza."